Muhtasari wa Diwani Malunde

Siku ya kwanza niliripoti kazini nikiwa na viatu vya kisigino, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza katika utumishi wa umma. Gari la wilaya lilinishusha kwenye njia panda, mkonge kulia na mkonge kushoto, nikatembea karibu saa nzima kwenye udongo mwekundu hadi ofisi ya kata. Ofisi yenyewe ilikuwa ghala la zamani la shamba la mkonge. Kulikuwa na meza moja yenye miguu mitatu mizima na mmoja wa kubandika, kabati lisilo na kufuli, na dirisha moja ambalo halikufungika. Mimi mtoto wa Nguvumali, niliyezoea taa za mji, nikaketi kwenye kile kiti nikajiuliza nani kaniroga.

Cheo changu kilikuwa Katibu Kata. Nyinyi vijana mnamjua Afisa Mtendaji wa Kata; ni kazi ile ile, jina tu lilibadilishwa baadaye na mshahara ukabaki na adabu yake. Kazi ilikuwa kuandika barua, kupokea wageni wa serikali, kugawa vibali vya sukari na sabuni wakati maduka yalikuwa na rafu na vumbi tu, na zaidi ya yote kuandika mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kamati hiyo ndiyo bunge dogo la kata: wenyeviti wa vijiji, makatibu wao, mwalimu mkuu, mjumbe wa wakata mkonge, na diwani akiwa mwenyekiti. Muhtasari ni maandishi ya kikao: nani alihudhuria, nani hakuhudhuria, kilisemwa nini na kiliamuliwa nini. Ukishasainiwa na mwenyekiti na kupelekwa wilayani, ndiyo kata yenyewe inakuwa imesema.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Katibu Tarafa, Mpare mwembamba aliyewahi kuwa mwalimu na hakuwahi kuacha. Muhtasari wangu wa kwanza niliuandika kwa ukurasa mmoja na nusu, nikaona nimefanya kazi ya kupigiwa makofi. Aliurudisha umejaa wino mwekundu. Nilipoitwa ofisini kwake, nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Umeandika hapa, 'wajumbe walijadili kwa kirefu.' Wajumbe gani?"

"Wote, Bwana Tarafa."

"Wote walisema neno moja kama kwaya? Mwanaidi, kikao ni watu. Andika nani alisema, na alisema nini. Neno lisiloandikwa halikusemwa. Unanisikia?"

Nilimsikia. Nilitoka pale masikio yanawaka, nikaapa kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu atakayekohoa kwenye kikao changu nisimwandike. Mimi nina tabia hiyo, mama yangu aliijua: ukinikemea jambo, nitalifanya mpaka ujute kwa nini ulinikemea.

Diwani wetu alikuwa Mzee Andrea Malunde. Nimemtaja, na sasa nimweleze, maana vijana wa leo ukiwaambia diwani wanafikiri mtu mwenye gari na watu wa kumbebea simu. Malunde alikuwa na baiskeli na mfuko wa turubai. Baba yake aliletwa na treni kutoka Unyamwezi, manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeitwa kwa namba kabla ya jina. Mkataba ulikwisha, nauli ya kurudi haikuonekana, akaoa, akazaa. Malunde akazaliwa kambini, kwenye zile nyumba za mstari, akasoma darasa la nne kwa mapadri, akakata mkonge akiwa kijana. Mwiba wa mkonge ulimtoboa jicho la kushoto, akalazwa kwenye zahanati ya shamba. Alipopona akaambiwa abaki pale afagie. Kutoka kufagia akafundishwa kuosha vidonda, na kwa miaka zaidi ya ishirini akawa dresa, mtu wa kufunga bendeji. Hakuna mkata mkonge wa upande ule ambaye mguu wake haukupita mikononi mwake. Watu walipoambiwa wachague diwani walichagua mtu waliyemjua kwa mikono.

Siku aliyokuja kunikaribisha hakunitazama usoni. Alitazama miguu.

"Bi. Katibu, hivyo viatu vitakuua. Kuna lengelenge tayari."

Nilikasirika. Nilisema nimekuja kufanya kazi ya serikali, siyo kutibiwa. Akacheka kidogo, akafungua mfuko wake wa turubai, akatoa kipande cha pamba na chupa ya dawa ya zambarau. Nilikataa. Kesho yake asubuhi nilimfuata mwenyewe kwa kuchechemea.

Namna yake ya kuendesha mikutano sikuwahi kuiona kwa diwani mwingine, nami nimefanya kazi na madiwani wanne. Kabla ya ajenda ya kwanza, kabla hata ya kuhesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuwa halali, aliuliza: "Nani kijijini kwenu hawezi kutembea?" Wenyeviti walitaja: bibi fulani, mtoto wa fulani aliyeanguka, mama fulani mwenye mimba iliyomlaza. Kikao kikiisha, saa nane jua linachoma, mtu huyo alipanda baiskeli kwenda kuwaona, nami namfuata nyuma na daftari, kwa sababu alisema serikali lazima iende na diwani. Nililalamika njia nzima. Yeye alizidi kukanyaga pedali.

Vipaumbele vyake alinieleza siku moja tukiwa kivulini mwa lile ghala. Mgonjwa kwanza. Mtoto wa shule wa pili. Barabara ya tatu. "Na ofisi yako, Bi. Katibu, ya mwisho kabisa." Nilimwambia mvua inaingia kwenye mafaili. Akasema faili likilowa haliiti mkunga. Nilinuna wiki nzima.

Hali ilikuwa inazidi kuwa mbaya. Shamba lilikuwa la shirika la umma, na shirika lilikuwa limechoka. Korona, yaani mtambo wa kusaga majani ya mkonge kutoa singa, nyuzi zake, ilifanya kazi siku mbili, ikasimama siku kumi kungoja kipuri. Watu walivaa magunia. Sabuni ilipatikana kwa kibali changu kama ilikuwepo, na kama haikuwepo ilipatikana kwa vijana waliovuka mpaka wa Horohoro na kurudi na miche ndani ya magurudumu ya baiskeli. Hao niliwajua wote, na sikumwandika hata mmoja. Kisha korona ikasimama moja kwa moja. Baada ya wiki kadhaa, zahanati ya shamba ikafungwa kufuli. Kutoka pale hadi hospitali ya karibu ni mwendo wa siku nzima kwa anayebebwa, na gari la shamba lilikuwa juu ya mawe.

Hapo ndipo Malunde alipobadilika. Yule mtu wa taratibu akawa hatulii. Kila baraza la wilaya alisimama na neno moja, zahanati, mpaka madiwani wenzake wakawa wanamwita Daktari kwa dhihaka. Hatimaye ikaja barua, nikaisoma mimi mwenyewe kwa sauti: halmashauri ilikuwa imepata saruji na mabati ya kutosha zahanati moja. Kila kata ilete kipaumbele kimoja tu, na muhtasari unaoonyesha kwamba wajumbe wamekubaliana. Bwana Tarafa alituambia kwa mdomo kwamba sisi tuko wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu ya ile zahanati iliyofungwa. Kilichotakiwa ni karatasi tu.

Sasa lazima niwaeleze jambo la utani, maana wengi wenu mmekulia mjini. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kukunyang'anya kuku, kuzuia maiti yako isizikwe mpaka apewe chochote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umevunja jambo kubwa. Katika kamati yetu alikuwemo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ramadhani Semndili, Mzigua wa kutoka Handeni aliyehamia kwa mke. Kati yake na Malunde hapakuwahi kupita kikao bila matusi ya heshima. Siku Malunde alipougua, Semndili ndiye aliyelala mlangoni kwake siku tatu.

Kikao kikaketi. Akidi ilitimia. Malunde akatoa hoja kwamba kipaumbele cha kata ni zahanati. Kabla mtu hajaunga mkono, Semndili akasimama, akakaza kofia yake.

"Mwenyekiti, mimi napinga. Zahanati ya nini? Hawa Wanyamwezi wamekuja hapa kwa miguu wamebeba mizigo ya watu vichwani, ugonjwa gani utawaweza? Mkiwajengea zahanati hawatakufa. Na wasipokufa, sisi Wazigua tutakwenda msibani kwa nani? Tutakula wapi?"

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu alitoa miwani akafuta machozi. Malunde akangoja kelele zitulie.

"Mwacheni mjumbe amalize. Babu yangu alimnunua babu yake kwa pishi moja ya mtama, akiwa na njaa. Faida ya pishi ile bado hatujarudishiwa."

Tukacheka tena. Mimi nilicheka mpaka kalamu ikanidondoka. Kisha Semndili mwenyewe ndiye aliyeinua mkono wa kwanza kuunga mkono, na mikono yote ikafuata. Hoja ikapita bila kupingwa na mtu.

Nilikwenda mezani kwangu kuandika, na pale pale wino mwekundu wa Bwana Tarafa ukanijia machoni. Nani alisema, na alisema nini. Nikaandika kwa Kiswahili cha ofisi, herufi zimekaa sawa, na ninawanukulia kwa sababu sitausahau mpaka nife: "Mjumbe, Ndugu R. Semndili, alipinga hoja. Alieleza kuwa ujenzi wa zahanati utapunguza vifo miongoni mwa wakazi wenye asili ya Unyamwezi, hali ambayo itawanyima wakazi wa Kizigua fursa ya kuhudhuria misiba. Mwenyekiti alimjibu kuwa ukoo wa mjumbe ulinunuliwa na babu wa Mwenyekiti kwa pishi moja ya mtama, na kwamba suala la faida halijamalizika. Baada ya majadiliano hoja ilipita."

Msinicheke bado. Nilijua ni utani. Nilikuwa nimecheka kuliko wote. Lakini niliambiwa andika, nikaandika, na nilipomaliza niliusoma tena nikaona hakuna kilichoachwa. Sikuona kwamba mkono wa Semndili sikuuandika, wala kicheko.

Gari la wilaya lilikuwa linapita mchana ule kukusanya karatasi, na Bwana Tarafa, ambaye angeusoma na kuuchana, alikuwa kitandani na homa. Malunde alikuja na baiskeli mbio. Jicho lake moja lilichoka kusoma mwandiko, na aliniamini.

"Umeandika vizuri, Bi. Katibu?"

"Nimeandika kila neno, Mzee."

Akasaini juu ya tandiko la baiskeli.

Baraza la Madiwani liliketi baada ya majuma kadhaa, nami nilikwenda, kwa kuwa makatibu kata waliruhusiwa kukaa viti vya nyuma. Nilivaa gauni jipya. Nilitaka kuona zahanati yangu ikipitishwa. Afisa Mipango alisoma kata moja baada ya nyingine, na alipofika kwetu akasita, akamtazama Mwenyekiti wa Halmashauri, akaambiwa soma. Akasoma yote. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana nani pale asiyejua utani? Lakini siku hiyo kulikuwa na mgeni kutoka mkoani ameketi meza kuu, na mgeni hakucheka. Alivuta karatasi kwake akaisoma mwenyewe. Kicheko kikakatika kiti kimoja baada ya kingine.

"Hii ndiyo lugha ya vikao vyenu?" akauliza. "Ukabila, tena kwa maandishi? Serikali inaomba muhtasari unaoonyesha makubaliano, mnaleta mjumbe anayetaka wenzake wafe, na mwenyekiti anayesema amemnunua?"

Diwani mmoja alijaribu kusema ni utani tu, mheshimiwa. Mgeni akasema utani hauna mahali kwenye karatasi ya serikali, na kwa hilo, wallahi, alikuwa sahihi. Kisha akauliza swali ambalo lilinitoa roho: "Ni nani aliyeandika hivi? Kwa nini mtu wa namna hii yuko kazini?"

Mjue wakati ule ulikuwa wakati gani. Ndiyo kwanza yameanza yale ya kupunguza watumishi. Kila ofisi ilikuwa na orodha ya watu wa kupewa barua, na kiongozi aliyetaka jina la kuongeza hakuhitaji sababu kubwa. Mimi nilikuwa na mama Nguvumali anayeumwa miguu, na mtoto wa miaka mitatu ambaye baba yake alikwenda Mombasa kutafuta maisha na maisha yakamtafuta yeye. Mshahara wangu ndio uliokuwa mlo wao. 

Malunde akasimama. Ilitosha aseme maneno manne tu, katibu wangu amekosea bwana, na yangekuwa kweli, na baraza lote lilikuwa tayari kumsikia na kurudisha muhtasari ukaandikwe upya. Zahanati ilikuwa mkononi mwake.

"Mimi ndiye niliyemwagiza aandike hivyo," akasema. "Nilimwambia neno kwa neno. Na sahihi ile ni yangu, niliisoma kabla ya kusaini. Kama kuna kosa, ni la mwenyekiti."

Alikuwa hajasoma. Alikuwa hajaniagiza. Nilikaa kimya kwenye kiti changu na gauni langu jipya, na kimya hicho nimekibeba miaka yote hii.

Zahanati ikapewa kata iliyofuata kwenye orodha. Malunde akapewa karipio la maandishi. Nilimkuta nje anafunga mfuko wake kwenye baiskeli, nikaanza kulia, nikamwambia Mzee ungesema ukweli.

"Zahanati nimeikosa leo," akasema. "Nikikukosa na wewe nitarudi na mikono mitupu miwili. Futa machozi, watu wanapita. Na neno hili liishie hapa hapa."

Likaishia hapo, au ndivyo nilivyoamini. Niliporudi katani nilisikia wajumbe wakisema kwamba huko wilayani kuna fitina, muhtasari wetu umechezewa. Nikaona Mungu kanisitiri. Aliyeniumiza zaidi alikuwa Semndili. Tangu karipio lile hakutania tena kikaoni. Alikuja, alikaa, aliinua mkono, aliondoka. Malunde alipomuuliza jambo, alijibu "ndiyo, mwenyekiti," kama karani.

Masika ile ile, mke wa mkata mkonge mmoja alishikwa na uchungu siku ya tatu ya mvua. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba, Malunde anatembea pembeni ameshika mkono wake, wakavuka madaraja mawili yaliyokwisha kufunikwa na maji. Mama alipona. Mtoto hakupona. Waliporudi nilikwenda kuwapa pole, nikaketi mkekani na wanawake wenzangu, na mama yule akanishukuru kwa kuja. Sikuweza kula siku ile wala ya pili. Nilijiambia kwamba kalamu yangu ilikuwa na sehemu katika kaburi lile dogo, na hata leo sijapata wa kunishawishi vinginevyo.

Baada ya hapo Malunde aliniomba ofisi. Nilitoa meza yangu nikaiweka barazani, mafaili nikayafunika kwa nailoni, na ndani ya ghala akaweka benchi, beseni na sufuria ya kuchemshia maji. Hakuwa daktari na hakujifanya daktari. Alifunga vidonda, alipoza homa za watoto kwa maji, na waliozidiwa aliwaandalia watu wa kuwabeba mapema, kabla hali haijawa mbaya. Sheria haikuruhusu jambo hilo. Bwana Tarafa alipokuja kukagua aliniuliza kwa nini nakaa nje kama muuza karanga. Nikamwambia kuna joto ndani. Alichungulia, akaona benchi limejaa akina mama, akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba ofisi ina joto kali. Mwalimu yule naye alijua kuacha maneno mengine.

Kisha zikaja nyakati za ruksa. Maduka yakajaa sabuni za rangi zote, na wengi wetu tukawa hatuna cha kununulia. Shamba likauzwa kwa mwekezaji, jengo la zahanati ya zamani akaligeuza stoo. Ukaja uchaguzi wa vyama vingi. Mpinzani wa Malunde alikuwa kijana mfanyabiashara, mwenye pikapu na kipaza sauti. Simsemi vibaya, alikuwa mchapakazi. Lakini alipata nakala ya lile karipio, akalisoma mkutano kwa mkutano: mnamtaka diwani aliyekosesha zahanati kwa matusi? Watumishi tulikuwa tumekatazwa kujihusisha na kampeni, nami nilijificha nyuma ya katazo lile vizuri sana. Malunde akashindwa kwa kura chache. Alikuja ofisini kesho yake kukabidhi muhuri, akauliza kama mafaili yangu bado yanavujiwa, akaondoka na baiskeli yake.

Diwani mpya ndiye aliyeijenga zahanati, kipindi chake cha pili. Siku ya kuizindua Malunde aliketi benchi la nyuma. Hotuba zilipokwisha aliingia peke yake akazunguka chumba kwa chumba, nami nikamfuata kama zamani. Alipofika chumba cha kujifungulia akauliza maji ya kunawa yatakaa wapi. Hayakuwa yamepangiwa mahali. Akamwita fundi, wakaelewana. 

Nilistaafu nikiwa Afisa Mtendaji, nikapewa cheti na saa ya ukutani, nikarudi Nguvumali. Mstaafu ana muda, na muda ni mwalimu mkali kuliko Bwana Tarafa. Mara nyingi nilipanga kwenda kwa Malunde nikamwambie twende wote mbele ya watu nilisafishe jina lake. Leo magoti, kesho mjukuu, keshokutwa mvua. Nikapigiwa simu kwamba amefariki.

Nilikwenda. Kambi ile siku hizi imebaki nyumba chache, lakini watu walijaa hadi barabarani, Wakristo na Waislamu. Padri alikuwa amekwisha kuvaa, jeneza limetolewa, na vijana wanaelekea kaburini, waliposimama ghafla. Mzee Semndili alikuwa amelala chali katikati ya njia, na jembe la wachimba kaburi amelikumbatia kifuani. Uzee ulikuwa umembakiza ngozi na kofia. Miaka yote ile hakuwa amemtania Malunde mbele za watu, na sasa amerudi.

"Mnyamwezi huyu hapiti," akasema. "Kanifanya mpinzani kwenye karatasi za serikali. Mimi, ndugu yake. Leo nataka faini, na padri aende akapumzike."

Watu wakacheka huku wanalia, wakaanza kutupa sarafu na noti kwenye kofia yake, kama desturi inavyotaka. Akazisukuma pembeni. Akasema faini siyo hiyo. Na mimi, sijui miguu ilinitoa wapi, nikajikuta nimesimama mbele yake, mbele ya padri, mbele ya watoto wa marehemu.

"Siyo yeye," nikasema. "Ni mimi. Aliyeandika ni mimi, hakuniagiza mtu. Alisema uongo ili nisifukuzwe kazi. Zahanati ile niliikosesha mimi."

 Nilingoja wanizomee. Semndili akainua kichwa kidogo kutoka mavumbini.

"Mwanangu Mwanaidi," akasema, "kwani tulikuwa wapi siku ile? Si tulikuwa mle mle ndani? Kalamu alikuwa nayo nani mwingine?"

Watu wazima waliokuwa karibu wakainamisha vichwa wakitabasamu, na mwalimu mkuu wetu wa zamani, sasa kipofu, akasema taratibu, "Tunajua, Bi. Katibu."

"Alipotoka wilayani alipita kwangu kabla ya kwake," Semndili akaendelea. "Akasema, mtu asimguse binti yule, ana mtoto na ana mama. Tuseme ni fitina za wilayani. Tukasema. Akaniambia na utani kikaoni basi, tusije tukamponza tena. Nikanyamaza. Miaka yote hii Mnyamwezi ameninyima kumtukana, na leo amekufa. Hiyo ndiyo faini ninayoidai, na hakuna wa kuilipa."

Akalia. Nami nikakaa chini mavumbini pembeni yake, nikalia naye, mpaka vijana wakatuinua wote wawili na jeneza likapita.

Nimeulizwa na vijana wanaotaka udiwani, hasa mjukuu wa dada yangu ambaye amekwisha kuchapisha fulana, kwamba kiongozi mzuri anajulikana kwa nini. Sina jibu la semina. Ninachojua ni kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini nilitembea kata ile nikidhani nimeficha kosa langu, watu wananipa kiti, wananipa maji, wananiita kwenye harusi zao. Yule mama aliyepoteza mtoto alinishonea kikapu nilipostaafu. Mumewe alikuwa mjumbe wa kamati. Mama yule alijua.